Don Hermilo na Mbwa Aliyekimbia na Shati

Sogezeni viti, enyi watu wa masikio mema, na atakayekohoa akakohoe uani! Leo natangaza vita alivyopigana Don Hermilo Uc, simba wa Campeche kule Meksiko, mnadi asiye na mfano wa loteria, ule mchezo wa kadi za picha, ndani ya chumba cha zahanati chenye feni mbovu, dhidi ya adui mwenye urefu wa sentensi moja.

Ndiye Hermilo yule ambaye kila sikukuu ya mtakatifu wa mtaa alisimama mezani, akainua kadi za picha moja baada ya nyingine, na kwa kila picha akatunga kibwagizo papo hapo, huku umma ukifunika vibao vyake kwa punje za maharage na kucheka hadi machozi. Kisha kiharusi kikamvamia pasipo kutangaza vita: kikauacha mkono, kikauacha mguu, kikayateka maneno. Sasa sikukuu ilikuwa Jumapili, na kamati ya kanisa ilikwisha kutamka: mtaalamu wa usemi akiridhika, Hermilo atanadi; asiporidhika, meza itakwenda kwa Nemesio muuza nyama, anayesoma kadi kama mtu anayesoma bei ya utumbo.

Basi shujaa akaingia uwanjani. Na kwa kuwa kwetu mgonjwa hapelekwi peke yake, nyuma yake yakaingia majeshi: mkewe Doña Eduviges, dada wa mkewe, na sufuria ya tamali, vile vitafunio vya unga wa mahindi.

Licenciada Yareni, kwa cheo cha wasomi, ndiye mtaalamu mwenyewe, binti mwenye uso wa hakimu, akatandaza picha mezani: mtu yuko juu ya ngazi, na mbwa anakimbia na shati lake.

"Don Hermilo, nieleze kinachotokea hapa. Taratibu tu."

Hermilo akaupanga ulimi kama jemadari apangavyo mikuki. "M... mbwa..."

"Mbwa kaiba shati!" akafyatua Doña Eduviges. "Na huyo bwege wa juu ataanguka sasa hivi. Andika, binti, kasema."

"Kasema nani, mama?"

"Sisi! Mimi na yeye tuna mdomo mmoja."

"Basi leo naomba nusu yake."

Hapo Hermilo, kwa kuona aibu, akachomoa silaha yake ya kale, nayo ikatoka iking'aa bila kutu: "Huamka kabla ya padri wala hapokei sadaka: jogoo!"

Shemeji akapiga ishara ya msalaba. "Umesikia? Anatiririka kama bomba!"

"Nimesikia," akasema Licenciada, na sauti yake ikalainika. "Lakini hicho ni kibwagizo cha zamani, mzee wangu. Hujitokea chenyewe, kama sala, kama tusi. Nataka maneno unayoyaunga sasa hivi, nisikie yanafika wapi kabla hayajakwama. Si ndiyo kazi ya mnadi?"

Loo! Mkuki ule ulipenya, maana Hermilo aliujua ukweli wake. Vya zamani hata Nemesio angevikariri. Akaitazama picha, jasho likateremka mashavuni kama wapanda farasi wanaokimbia vita.

"Mbwa... shati... mbwa..."

Doña Eduviges, kwa mapenzi yasiyojua breki, akavuta pumzi na kufungua kinywa.

Ndipo kiti kikalia, Hermilo akasimama, kidole juu, na maneno yakatoka yameshikana mikono, hakuna lililojikwaa:

"Eduviges, nyamaza kidogo, mbwa huyu ni wangu mimi!"

Licenciada akaweka kalamu chini.

"Sentensi nzima," akasema. "Mpya, na haikukwama popote. Waambieni kamati wampe kadi zake. Atakwenda polepole, nao watangoja."

Basi waandike wenye kuandika tarehe za mataifa: asubuhi ile Campeche ilipata sentensi moja kamili, na Doña Eduviges, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni, kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa kwa ulimwengu, alimwachia mumewe neno la mwisho.