Lango la Matawi Mlangoni kwa Vagn

Jumatatu, 2 Septemba

Roskilde nzima hakuna mwanamume mwenye bahati kama mimi, Vagn Korsgaard. Naandika ili ibaki kumbukumbu. Nyumba ya matofali ya zamani, hatua mia mbili kutoka kanisa kuu. Kazi ya heshima ndani ya kanisa lenyewe: nawaonyesha watalii makaburi ya wafalme, na nikiona wamechoka nawachekesha. Na Jumamosi hii natimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa na Jytte. Harusi ya fedha! Nani kama mimi?

Jytte kwa sasa yuko Kopenhagen kwa dada yake, Inger-Lise. Wiki ya tatu hii. Amekwenda kupumzika. Kachukua masanduku mawili, cherehani na paka. Mtu akipumzika apumzike vizuri.

Chanzo ni kitu kidogo. Niliwaambia watalii fulani kwamba mke wangu ni damu ya Mfalme Christian wa Kwanza, pua ileile. Chumvi kidogo tu. Wakataka kumwona. Nikawapa anwani. Jytte akafungua mlango ana taulo kichwani, akakuta Wajerumani kumi na mmoja wanaipiga picha pua yake. Hilo lilikuwa kundi la nne. Akaniambia kumbe sikuoa mke, nilioa kivutio. Nikamjibu kivutio ni sifa. Hapo ndipo nilipoharibu.

Jioni kaja Ejvind, jirani wa mkono wa kulia, seremala mstaafu, mtu wa kupima kila kitu. Msonobari umeshakatwa, kasema. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mtaa mzima utasimamisha lango la matawi mlangoni kwetu kwa ajili ya harusi yetu ya fedha, tarumbeta zipigwe, nyimbo ziimbwe, nasi tutoke na nguo za kulalia tuwalishe kifungua kinywa. Desturi ni desturi. Jytte atafurahi, au siyo, jirani? Nikasema Jytte anahesabu siku. Akanitazama kidogo. Akataja kwamba lango lake yeye, mwaka juzi, lilikuwa mita tatu. Nikasema langu liwe tatu na nusu.

Mdomo huu! Nani alinituma?

Jumatano, 4 Septemba

Siku ya kwaya. Kila Jumatano Jytte huja kwa treni kuimba kanisani. Mpango: nimsubiri kwenye nguzo walikochora alama za vimo vya wafalme, nimwombe asubuhi moja tu. Jumamosi. Saa mbili za kusimama pembeni yangu. Hata akitaka asiseme neno.

Nilifika mapema. Shati safi. Bahati mbaya mama mmoja Mhispania akauliza ile alama ya juu kabisa ni ya nani. Nikamwambia ni Christian wa Kwanza, mrefu hata walimkunja ndipo akaenea jenezani. Wakacheka. Wakaongezeka. Nikaongeza na farasi wake. Nilipogeuka, kwaya imeshaingia. Jytte alikuwa amepita nyuma yangu, kasikia yote.

Baada ya mazoezi alikuja mwenyewe. Akasema, "Vagn, wasomi walishaipima ile mifupa. Alama imezidi shubiri nzima na ushee. Miaka mia tano mtu yuko kaburini, bado anaumbuka."

Nikamweleza ya Jumamosi. Nilisihi. Akasema nikawaambie majirani ukweli, ni bure. Akaenda zake stesheni.

Kopenhagen ni dakika ishirini na tano kwa treni. Sijawahi kuona mji ulio mbali kama ule.

Alhamisi, 5 Septemba

Asubuhi nimeufikiria huo ukweli kwa muda wa kikombe kizima cha kahawa. Nimeukataa. Mtu hawezi kusimama mbele ya Ejvind na kusema, jirani, mke wangu kaniacha. Yule ataupima upana wa aibu yangu kwa rula.

Mpango mpya. Mzuri! Nyumba zetu ni za kale, hata kupaka dirisha rangi unaomba ruhusa. Nimeandika barua rasmi: Ofisi ya Kuhifadhi Kuta za Kale inakataza kupigilia msumari wowote katika ukuta wa nyumba ya Bwana Korsgaard, kwa sababu ya umri wake. Wa ukuta. Nimeweka muhuri kwa kitako cha kikombe cha kuwekea yai la kuchemsha. Nimeisukuma chini ya mlango wa Ejvind, nikarudi nikala mkate kwa hamu kwa mara ya kwanza wiki hii.

Ijumaa, 6 Septemba

Ejvind kaja na barua mkononi, uso unameremeta. Kumbe nimemfurahisha! Amekesha akichora. Lango litasimama kwa miguu yake lenyewe, bila msumari hata mmoja, viungo vya kuchomekana kama walivyofanya mafundi wa paa la kanisa. Mita nne. Gudrun, mkewe, amekata namba ya ishirini na tano kwa karatasi ya fedha, kubwa kama sinia. "Barua hii imenirudishia ujana, jirani," kasema.

Nikampigia simu Inger-Lise. Nikamwomba amlete dada yake hata kwa nguvu. Akasema, "Shemeji, Jytte anasema hapana. Mimi nasema hapana mara mbili." Nikamuuliza kama yeye mwenyewe angeweza kuvaa gauni la Jytte na kusimama dirishani, kwa mbali wanafanana. Akakata simu.

Uongo wa mwisho uliobaki: Jytte amepoteza sauti, daktari kamkataza kutoka kitandani. Sikununua mikate. Sikununua siagi. Nani ataalika watu waje kula aibu yake?

Jumamosi, 7 Septemba

Tarumbeta zilinikuta nimekaa kitandani na viatu. Nikavaa pajama juu ya suruali, nikafungua mlango.

Lango. Mungu wangu, lango! Sijaona kitu kizuri kama kile hata makaburini kwa wafalme. Mtaa mzima umesimama kwenye baridi, wazee na bendera ndogo, wanaimba. Nami peke yangu chini ya matawi, kama mtu anayesubiri basi. Nikafumbua kinywa niseme habari ya daktari.

Ndipo nikamwona Jytte nyuma ya tarumbeta, ana koti la safari na mfuko mkubwa wa mikate. Treni ya kwanza. Akapita katikati yao, akasimama pembeni yangu, akanishika mkono. Wakaimba beti zote. Sikuweza kuinua kichwa.

Gudrun ndiye aliyempigia simu, tangu Jumatatu. Wote walijua. Ejvind alimwona Jytte siku aliyoondoka, akipita na paka kwenye kikapu. Hakuna aliyeuliza. Walijenga lango tu, wakangoja. Ejvind akanimiminia kikombe kidogo cha pombe chungu ya asubuhi, akasema taratibu kwamba muhuri wangu ulinukia yai.

Walipoondoka, Jytte akaosha vyombo. Akasema, "Sikuja kwa ajili yako. Sikutaka waimbie mlango mtupu." Kisha, akifuta mikono: "Njoo kesho kwa Inger-Lise, saa nane mchana. Uniambie jambo moja la kweli, Vagn. Moja tu. Nikilipata, tutazungumza."

Moja tu! Ninalo.

Jumapili, 8 Septemba

Nilikuwa nalo kweli. Nililirudia ndani ya treni mpaka likalainika: tangu uondoke, nakula nimesimama. Basi. Siwezi kukaa kwenye ile meza.

Maua mkononi. Ghorofa ya tatu, ngazi safi. Katikati ya ngazi nikakutana na mzee mmoja na mbwa wake. Akauliza kwa upole namtafuta nani. Mtu angejibu tu: mke wangu. Mimi nikamwambia nimetumwa na askofu wa Roskilde kumpelekea mwimbaji wake bora maua ya shukrani, na kwamba askofu mwenyewe yuko garini chini, ana goti bovu.

Mzee akavua kofia. Juu yake, mlango ulikuwa wazi. Jytte amesimama na mfuko wa taka.

Hakukasirika. Bora angekasirika. Akasema, "Vilibaki vidato vya ngazi kumi na viwili tu, Vagn." Akafunga mlango polepole, kama mtu anayefunga chumba alimolala mgonjwa.

Nikapiga hodi. Nikalisema lile la kweli, mbele ya ubao wa mlango. Mbwa peke yake ndiye aliyesikiliza.

Kwenye treni ya kurudi, mama mmoja akasifu maua yangu. Nikamwambia nampelekea mke wangu, ananisubiri stesheni na mwavuli, hufanya hivyo kila Jumapili, mwaka wa ishirini na tano huu. Akasema nina bahati kubwa. Nikamwambia, sana.

Si kweli. Sina bahati yoyote. Mke wangu kaniacha, na aliyemfukuza ni mimi.