Kipanya Kinachomwogopa Mwenyekiti

Jumatatu, 4 Machi
Siku imeanza vizuri. Mwenyekiti wa klabu ya mpira ameleta kazi: nembo ya simba, ichapwe kwenye jezi za timu nzima. Anaitaka Ijumaa. Fundi Mihuri wa mlango wa pili alikuwa akichungulia, roho inamuuma. Nikapaza sauti makusudi kwamba mimi siku hizi natumia Linux, mfumo wa kompyuta wa watu wanaojua wanachofanya. Mwenyekiti akaketi kwenye kiti cha wateja amwone simba akizaliwa. Nikashika kipanya. Mshale ukaruka hadi kona ya juu, ukarudi mbio, ukafuta masikio ya simba. Nikasema ni majaribio.

Jumanne, 5 Machi
Asubuhi, peke yangu dukani: kipanya kitiifu kabisa. Nikachora manyoya yote. Saa nne Mwenyekiti kaingia, kaketi, kacheka. Mshale ukapagawa. Simba kaota pembe! Mwenyekiti akampiga picha kwa simu, sijui ya ushahidi au ya nini. Nimesafisha kipanya kwa manukato ya dada. Nimehamishia waya kwenye tundu jingine. Nimepunguza kasi ya mshale kwenye mipangilio. Sasa unapagawa polepole.

Jumatano, 6 Machi
Nimegundua! Mbovu si kipanya, ni Mwenyekiti. Ana saa kubwa ya chuma mkononi, na chuma kina mambo yake. Nikamwomba aivue. Kisha mkanda. Kisha viatu, maana soli zina misumari. Mtu mzima akavua vyote, akaketi ameshikilia suruali. Mshale ukaruka palepale. Fundi Mihuri, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akamwambia kwa upole kwamba kwake wateja hukaa na viatu vyao. Mwenyekiti kanipa hadi Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo kazi inahamia mlango wa pili.

Alhamisi, 7 Machi
Leo nimeingia kwenye dirisha la amri, mahali wanapoogopa wengi. Nikaamuru kompyuta iorodheshe vifaa vyake. Ikajibu ina vipanya viwili. Mezani kipo kimoja. Nimehesabu mara tatu. Kumbe Linux inaona vitu mara mbili! Uchovu huo. Nimeizima ipumzike hadi kesho.

Ijumaa, 8 Machi
Saa tano. Dada mkubwa, mwenye duka, alikuja kuuliza nani kamaliza manukato yake. Akaketi kwenye kiti cha wateja. Mshale ukaruka. Akainuka, akasema kuna kitu kinamchoma, akaingiza mkono ndani ya foronya ya mto wa kiti hicho na kutoa kipanya kisicho na waya, taa inawaka. Ni kile alichotaka kukiazima wiki iliyopita nikamwambia kimepotea. Haya, nilikificha mimi. Kidude chake cha kupokea mawimbi bado kimechomekwa nyuma ya kompyuta. Sikuyaandika haya humu kwa sababu dada husoma daftari hili.

Alikitazama kipanya, akanitazama mimi.

“Mdogo wangu,” akasema, “mzee wa watu kachora simba kwa makalio wiki nzima, halafu wewe unamvua viatu?”

Nikachomoa kile kidude. Nikamaliza simba kwa dakika arobaini. Mwenyekiti akaja, akamkagua, akauliza yule mwenye pembe yuko wapi. Wachezaji wameiona picha na hawataki mwingine. Nikamchora upya, pembe na zote. Kazi imebaki kwetu. Fundi Mihuri kafunga mlango mapema.

Jumatatu, 11 Machi
Amani tele. Natengeneza bango la dirishani: Tabibu wa Kompyuta, magonjwa yote, hata ya kuona mara mbili. Dada aliomba ile rula ndefu ya chuma aende nayo nyumbani. Nikamwambia, kwa masikitiko makubwa, kwamba imeibwa. Saa nane printa ikaanza kukoroma na kutafuna karatasi. Nashuku virusi. Sijui zaidi ya hapo, na hata ningejua nisingeandika humu.