Boriti Moja ya Wizara

Wizara ina furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba tatizo la nota kutengana limekwisha. Aliyelimaliza ni mimi, Naibu Mkurugenzi wa Mshikamano wa Nota, na sioni haya kusema.

Asiyesoma muziki ajue hivi: nota fupi zina mikia. Zikikaa jirani, mikia huondolewa na nota zikaunganishwa kwa mstari mnene tunaouita boriti. Zamani bendi yetu ya Wizara iliziunga mbili mbili, kila pigo na boriti yake. Utengano mtupu! Nikaagiza wimbo mzima uwe na boriti moja, toka nota ya kwanza hadi ya mwisho. Kurasa tukaziunga kwa gundi.

Kiongozi wa bendi, mpiga tarumbeta tunayemwita Mama Pumzi, akaingia ofisini kwangu bila hodi.

"Mkubwa, hii nini?"

"Umoja."

"Umoja gani? Hii si kamba ya kuanikia nguo? Jicho litajuaje pigo linaanzia wapi? Watu watatembea kwa kufuata huu wimbo!"

"Mama, nota zikishikana zitapendana."

"Makubwa haya!" akasema, akatoka.

Jioni nikamkuta ameshika kifutio, ameikata boriti yangu mbili mbili, wimbo mzima. Niliumia, sifichi. Kikao cha nidhamu kikairudisha boriti na kumfukuza yeye, ila kwa busara: apige kwanza kwenye uzinduzi wa jengo letu jipya, kazi yake iishe pamoja na nota ya mwisho. Mumewe alikuwa kitandani, na mshahara ule ndio uliokuwa ukimnunulia dawa. Sheria haina mume.

"Sawa," akasema Mama Pumzi. "Nitapiga mlivyoandika."

Siku ikafika. Itifaki iko wazi: Mheshimiwa Waziri hakanyagi zulia ila kwa pigo la bendi. Bendi ikaanza. Nota zikamwagika kama maji ya bomba lililopasuka, hakuna nzito, hakuna nyepesi. Mheshimiwa akainua mguu, akabaki nao hewani.

"We bwana," akaninong'oneza huku jasho likimtiririka, "nikanyage lini?"

"Boriti haijaisha, Mheshimiwa."

"Naanguka, mjinga wewe!"

Wageni wakaanza kuchekea viganjani. Mheshimiwa akasalimu amri. "Mama! Hesabu!"

Mama Pumzi akatoa tarumbeta mdomoni, akapaza sauti ya sokoni: "Moja na, mbili na! Shusha mguu, baba, shusha!" Bendi ikampokea. Mheshimiwa akatembea vizuri mno, akapanda jukwaani, na nota ya mwisho ikalia. Watu wakapiga makofi.

Mama akaanza kufungasha.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Si mmenifukuza?"

"Na Mheshimiwa atashukaje?"

"Iulize boriti."

Mheshimiwa akapiga kelele kutoka juu: arudishwe kazini sasa hivi, mshahara mara mbili! Tulilipokea agizo kwa unyenyekevu. Kuna kikwazo kidogo tu. Wanaofukuzwa hurudishwa na kamati, mwenyekiti wa kamati ni Mheshimiwa mwenyewe, na kamati haiketi ila ofisini kwake.

Kila asubuhi tunatuma ujumbe kwa Mama Pumzi. Anatukaribisha vizuri, anatupa chai, anasema hana haraka. Mumewe sasa anaketi sebuleni. Anacheka mpaka anashika mbavu, na daktari anasema aendelee hivyo hivyo.

Wananchi wasiwe na hofu, hali ni shwari. Mheshimiwa bado yuko jukwaani, na leo tumempelekea mwavuli.