Picha ya Wakwe Isiyo na Wakwe

Jameni, leo nimepatikana. Nimeshuka Voi saa hizi kutoka Rukanga na helmeti ya bodaboda bado iko kichwani. Mwenye piki ameshaidai. Nimemwambia asubiri kidogo, sina uso wa kuonyesha watu.

Chanzo ni wivu. Nisiwadanganye, ni wivu mtupu.

Kuna dada anaitwa Wakesho, ana studio ya picha inayotazamana na kibanda changu hapa Voi. Mimi nimeanza hii kazi yeye akiwa bado anapigwa picha za shule (na mimi ndiye nilikuwa nazipiga). Kisha akaja na kamera ya sensa kubwa. Sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Yangu ilikuwa na sensa ndogo. Basi kila kanisa lenye giza, kila ukumbi wenye balbu moja, picha za Wakesho zinatoka safi. Zangu zina chenga, utadhani mtu amemwagia bibi harusi unga wa ugali.

Mwanzoni nilibisha. "Megapikseli ni zile zile!" nilikuwa nawaambia wateja. Siku moja Wakesho akanisikia, akanijibu kwa upole (na huo upole ndio unaniuma), "Kaka Mwakio, mvua ikinyesha, karai na kikombe havikingi sawa."

Karai! Mimi kikombe!

Nikauza kamera yangu kwa fundi wa simu pale sokoni. Nikauza na mbuzi niliokuwa nawaweka kwa ajili ya mahari yangu. (Nyinyi mnaoniuliza nitaoa lini, sasa mnajua.) Nikanunua kamera ya sensa kubwa, tena ya mkono wa pili. Wueh! Hiyo sensa ni ghali. Ilimeza kila kitu, nikabaki sina hata ya kununulia lenzi. Lakini lenzi moja ya ile kamera ya zamani nilikuwa sijaiuza. Nikaichomeka. Ikaingia, tak! Nikasema, lenzi ni lenzi.

(Mnaojua mambo ya kamera mmeanza kucheka. Ngojeni kwanza.)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuizindua. Watu wa bwana harusi walikuwa wanaleta mahari Rukanga, nyumbani kwa kina Mghoi, bibi harusi. Shangazi yake Mghoi, mama mwenye sauti ya kusikika mpaka juu ya mlima Kasigau, alikuwa ameniambia wazi: "Mwakio, leo nakupima. Picha ya ukoo ikitoka vizuri, harusi yenyewe kule Wundanyi utaipiga wewe. Ukiniharibia, nampa Wakesho."

Nafika, namkuta nani amekaa na sahani ya pilau? Wakesho! Kumbe ni rafiki ya Mghoi.

"Nimekuja kula tu, kaka," akasema.

Nikatoa kamera yangu polepole, ili aione vizuri. Akaiona. Akapiga makofi! "Ala! Umepata kubwa! Hongera sana!" Alifurahi kwa kweli. Hiyo ilinikera kuliko angenuna.

Basi, picha ya ukoo. Mnajua ilivyo kwetu, hakuna kuachwa nje. Pande zote mbili zinasimama pamoja, hata jirani akipita anavutwa. Mama wa bwana harusi akaenda kusimama mwisho kabisa, upande wa kushoto. "Mgeni hajiweki katikati," akasema. Baba Mghoi naye hakutaka kushindwa adabu, akaenda mwisho kabisa upande wa kulia.

Nikafungua lenzi ipanuke mpaka mwisho. Nikachungulia. Naona giza pembeni. Nikadhani ni kofia yangu, nikaigeuza nyuma. Giza bado. Nikaivua. Giza liko pale pale. Nikajiambia labda sensa kubwa huonyesha hivyo, ni mambo ya watu wakubwa. Kuangalia kioo cha nyuma ya kamera haikuwezekana, jua la Rukanga mnalijua.

Wakesho akasogea taratibu. "Kaka, hiyo lenzi si ni ile ya..."

"Wakesho, umekuja kula. Kula!"

Watu wakacheka. Aki nilijisikia vizuri! Hizo ndizo dakika zangu nzuri za leo, na ziliishia hapo.

Kazi yetu mnaijua, picha tunachapa papo hapo. Nikachomeka printa yangu kwenye baraza, nikafunga kamba, nikaanza kuanika picha kwa vibanio vya nguo ili kila mtu ajitafute. Na nilipokuwa naanika, macho yangu yalikuwa kwa Wakesho. Nilitaka nione atakavyonywea. Picha zenyewe sikuziangalia.

Watu wakajaa kwenye kamba.

"Mimi niko wapi?" Ni mama wa bwana harusi.

Nikageuka. Mama yangu! Picha ni nyeusi pande zote, katikati kuna duara la mwanga, kama mtu amechungulia sherehe kwa bomba la maji. Na ndani ya duara, safi kabisa, kila unywele unaonekana: Mghoi, mchumba wake, na jirani aliyekuja kuazima jembe. Mama wa bwana harusi alikuwa amebaki kiwiko. Baba Mghoi alikuwa tumbo.

"Hata mahari hatujamaliza kuongea, mshanikata?" akasema yule mama. Wazee wa upande wake wakaanza kunong'onezana kwa Kidawida, mmoja akachukua kofia yake. Mghoi akaanza kulia.

"Mwakio!" Shangazi huyo. "Wakwe zangu wako wapi?"

"Wapo, mama," nikasema. "Wako tu gizani."

Wakesho akaweka sahani chini. "Kaka, hiyo lenzi ni ya sensa ndogo. Mwanga wake haufiki kwenye pembe za sensa kubwa." Kisha akawageukia watu. "Haya, wazazi, jipangeni tena. Mama, njoo kando ya Mghoi."

Akafungua mkoba, akatoa kamera ndogo. "Ile kubwa nimeiacha, ni nzito na ni ya gizani," akawaambia. "Kwa jua hili, ndogo inatosha kabisa."

Akapiga. Tukachapa kwa printa yangu (ndiyo, yangu). Wote walikuwemo, hata mbuzi wa mahari. Mama wa bwana harusi akajiona, akacheka mpaka akamkumbatia Mghoi. Yule mzee akarudisha kofia kwenye kiti. Shangazi akatangaza harusi ya Wundanyi ni ya Wakesho, na watu wakapiga vigelegele.

Mimi nikawa naiangalia ile kamera kwa jicho baya. Picha kali vile! Kisha nikaona plasta pembeni. Plasta ya kidonda. Niliibandika mwenyewe, siku ilipoanguka.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa fundi wa simu, pale sokoni," Wakesho akasema. "Kamera nzuri hivi! Sijui ni mjinga gani aliiuza."

"Watu wengine hawana akili," nikamjibu, nikaomba helmeti.

Msinicheke. Wivu wa kamera kubwa ya Wakesho nilishauzoea. Huu wa kamera yangu mwenyewe ndio sijui niupeleke wapi.