Mihuri Mitano ya Gari la Mkurugenzi

Idara ya Uratibu wa Hisani inautangazia umma kwamba Matembezi Makuu ya Pwani, kilomita ishirini na nane kwa miguu, yatafanyika Jumamosi kwa mwaka wa tatu mfululizo, ili kuhamasisha upatikanaji wa gari la wagonjwa la zahanati ya rasini.

Mwaka wa kwanza umma ulihamasika. Mwaka wa pili ukahamasika zaidi. Gari lenyewe lilikuwa bado kwenye mchakato, na wagonjwa wakaendelea kupelekwa hospitali kuu kwa mkokoteni wa muuza maji, mtu mwema asiye na maneno, ila lazima kwanza ashushe madumu.

Karani wa idara, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Muhuri, alikuwa na sababu yake ya kutaka mchakato uishe. Bintiye aliishi kule rasini, na mimba yake ilikuwa imetimiza miezi minane na nusu. Mkunga wa zahanati alishasema mtoto amekaa vibaya. Uchungu ukianza, ni hospitali kuu moja kwa moja. Bi Muhuri alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya huo mkokoteni.

Asubuhi ya Jumamosi alifika kituo cha kwanza, penye kizuizi cha barabara, amevaa raba za mwanawe, muhuri mkononi. Muhuri ulikuwa mmoja tu kwa vituo vyote vitano, na kanuni ilitaka utembee kwa miguu. Kanuni hizo alizitunga Mkurugenzi mwenyewe, baada ya mbuzi fulani kuingia msafarani mwaka uliopita na kuondoka na cheti cha ushiriki. Tangu hapo, chochote kinachopita kituo lazima kiwe na kadi, kadi iwe na wadhifa, na wadhifa uliogongwa mihuri mitano haubatilishwi na mtu yeyote. Chini yake palikuwa na saini yake, ndefu kuliko kanuni.

Gari la Mkurugenzi likasimama. Jeusi, linang'aa, viti vya ngozi. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Barabara ya pwani imefungwa leo, mkubwa. Linapita gari la wagonjwa tu."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua. Wewe ndiye uliyeifunga."

Mkurugenzi alifikiri kidogo, kisha akatoa mkono dirishani. "Bi Muhuri, lete kadi mbili." Ya kwanza akajiandikia mwenyewe: mtembeaji. Ya pili akaliandikia gari: gari la wagonjwa.

"La wagonjwa kweli, mheshimiwa?"

"Mama, wewe gonga tu."

Bi Muhuri akagonga. Kazi ni kazi.

Msafara ukaanza. Walimu, wauguzi, mafundi cherehani, wote kwa miguu, mchanga ukiingia viatuni. Mkurugenzi alitangulia kwenye kiyoyozi. Hatua hamsini kabla ya kila kituo alishuka, dereva akamnyunyizia maji ya chupa usoni na kwapani, naye akawatokea wapiga picha akihema. Kazi hiyo iliitwa jasho rasmi, na ilikuwa kwenye ratiba.

Kituo cha tatu simu ya Bi Muhuri ikalia.

"Mama, kiuno kinanikata tangu alfajiri."

"Mwite mkunga!"

"Ndiye huyu ananisugua mgongo. Muuza maji mkokoteni wake umepata pancha."

Bi Muhuri akakimbilia dirisha la gari jeusi, akasahau hata kuamkia. "Mheshimiwa, nakuomba! Mwanangu ameshikwa na uchungu. Gari likimbie likamchukue, nitakushukuru maisha yangu yote."

Mkurugenzi alimsikiliza kwa makini sana. "Pole, mama. Lete maombi kwa maandishi. Ndani ya siku kumi na nne za kazi utakuwa umejibiwa."

"Mtoto hangoji siku kumi na nne!"

"Basi andika ya dharura. Hizo ni siku kumi."

Kioo kikapanda. Bi Muhuri alisimama pale, machozi yakimlengalenga. Akatazama kadi mbili zilizokuwa zikisubiri muhuri. Akazisoma vizuri. Akavuta kamasi, akagonga zote mbili. Kisha akashika njia, na wenzake wanasema hawajawahi kumwona mtu wa umri wake akitembea vile.

Kituo cha nne akauliza kwa heshima, "Na gari nalo nigonge, mheshimiwa?"

"Sasa? Unataka nitembee?"

Akagonga. Cha tano, mbele ya zahanati ya rasini, akagonga mara ya mwisho, taratibu, wino ukolee. Kisha akaenda moja kwa moja kwa mgeni rasmi, mzee wa wizarani aliyekuwa ameshika hotuba ya mwaka jana, akamkabidhi kadi ya gari na kanuni.

Mgeni rasmi alisoma mara mbili. Uso ukamchangamka, miaka mitatu hakuwa na la kutangaza.

"Ndugu wananchi, gari la wagonjwa limepatikana! Lina mihuri mitano! Mkurugenzi wetu amelitoa mwenyewe!"

Vigelegele! Kamera zote zikamgeukia Mkurugenzi. Alifungua mdomo kupinga, akaona kamera, akautumia kutabasamu. Ufunguo ukatoka mfukoni kwa shida, kama jino.

Binti akatolewa zahanati, akalazwa kwenye viti vya ngozi, mkunga kando yake, Bi Muhuri mbele. Dereva akawasha.

"Na mimi narudije?" Mkurugenzi akanong'ona dirishani.

Bi Muhuri akampa kadi yake. "Wadhifa wako ni mtembeaji, mheshimiwa. Mihuri mitano. Mimi sina uwezo wa kubatilisha."

Mjukuu alizaliwa salama hospitali kuu saa kumi jioni. Mkurugenzi wakati huo alikuwa anakaribia kituo cha nne, akirudi, viatu mkononi. Muuza maji alimpita na mkokoteni uliozibwa pancha, akapunguza mwendo.

"Ningekupakia, mkubwa, nafasi ipo," akasema. "Lakini mlinzi wa kizuizi ataniuliza kadi yako imeandikwaje."