Jinsi Ukanda wa Kushoto Ulivyong'oka

Orval Tessmer alikuwa amepiga magoti kwenye saruji ya gereji yake, pumzi ameibana, mkononi kipande cha mbao kilichochongwa kama ulimi, na ncha ya mbao hiyo ilikuwa imekwisha kuingia chini ya chuma. Basi nyamazeni, enyi wenye masikio na nafasi! Sogezeni viti, zimeni redio, kwa maana hamsikii kila siku habari za shujaa aliyetoka kupambana na ukanda wa urembo wa gari, mrefu kama mtu mzima na mwembamba kama vidole viwili, akiwa hana ngao ila aproni ya mkewe.

Gari lenyewe lilikuwa la milango minne, rangi ya maziwa juu na kijani chini. Lester, baba mkwe wake Orval, alilinunua jipya siku ambazo nusu ya mji wa Defiance, Ohio, ilikuwa bado mashamba ya mahindi, akaliendesha kanisani na kwenye duka la chakula cha ng'ombe mpaka alipofariki, akamwachia binti yake Verlene. Na pembeni mwake, upande wa kushoto, kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye taa ya mkia, ulilala ule ukanda, umefubaa, na karibu na katikati umebonyea kidogo.

Ni kitu gani hicho cha kutetemesha mtu? Msiulize hivyo mbele ya watu wa kazi hii. Watengenezaji wa vipuri hutoa mikanda mipya ya magari ya milango miwili, kwa kuwa ndiyo yanayopendwa na wenye mbwembwe. Gari la milango minne, gari la baba wa watoto, halina anayelihangaikia. Ukiupinda ukanda wake, umeupinda hadi kiyama.

Na Orval alikwisha kupinda mmoja. Majira ya machipuko ya mwaka juzi aliushambulia ukanda wa kulia, akavibandua vibanio vyote kwa ustadi, kisha alipofika kwenye mkia na kuona hautoki, akavuta. Hakujua kwamba mkia ule unashikwa na nati iliyojificha ndani ya buti la mizigo. Ukanda ukajikunja kama mkono kwenye kiwiko. Verlene hakugomba. Aliuchukua, akaupigilia misumari ukutani jikoni, akawa anatundikia vitambaa vya vyombo, na tangu siku ile hakukanyaga gereji. Kila asubuhi, kwa miaka miwili, shujaa wetu alikunywa kahawa yake akitazamana na aibu yake, imetundikiwa kitambaa chenye picha za kuku.

"Shemeji," alisema Duane, kaka yake Verlene, aliyekuwa amekalia boksi la barafu na soda mkononi, kama mfalme aliyekuja kutazama vita vya wengine, "hicho chuma unakitoa au unakibembeleza kilale?"

"Nakitoa."

"Basi toa, bwana! Mie nimekuja nina nywele, nitaondoka na upara."

"Ulikuja na upara, Duane."

Tak! Kibanio cha kwanza kikaachia. Orval akasogeza mbao, akapapasa utepe wa karatasi alioubandika kulinda rangi, akanyanyua tena. Tak! Hivyo ndivyo alivyoteka ngome baada ya ngome, taratibu, bila kelele, hakuna rangi iliyochubuka wala pembe ya vita iliyolia, hadi ukanda wote ulipokuwa unaelea mbali na bodi kwa upana wa kucha, ukishikwa na mkia peke yake. Akausimamishia vitabu vya zamani chini yake usije ukaning'inia, kisha akaenda kwenye buti kumkabili yule adui wa tangu mwaka juzi.

Lakini oneni hila za waunda magari! Upande wa kushoto ndiko linakopita bomba la kujazia mafuta, nalo lilikuwa limesimama mbele ya nati kama mlinzi mnene mlangoni. Orval akapitisha mkono nyuma ya bomba. Vidole vikaifikia nati, vikaigusa, vikaitambua. Akajaribu kuuzungusha mkono, haukuzunguka. Akajaribu kuutoa, haukutoka.

"Umefika?" aliuliza Duane.

"Nimefika."

"Mbona kimya?"

"Nimefika na nimebaki huku huku."

Duane akacheka mpaka soda ikamtokea puani. Alipojifuta, akautazama ukanda uliokuwa ukielea, na hapo ndipo mshawishi alipopata sauti. "Sikiliza, shemeji. Nati yenyewe ina kutu ya miaka sitini. Nivute mara moja tu, tap, inakatika. Unatoka wewe, unatoka ukanda, tunakwenda kula."

"Duane, usiuguse."

"Mara moja tu!"

Shujaa, mkono wake mateka, kichwa ndani ya buti, akanena maneno ambayo yafaa kuandikwa kwa wino mzito: "Kuvuta nilishavuta, Duane. Matokeo ya kuvuta nayajua. Dada yako hajaingia humu miaka miwili kwa sababu ya kuvuta. Hili gari ndilo alilobakiwa nalo la baba yake, na upande mmoja nimeshauvua nguo. Nitakaa humu ndani mpaka theluji ianguke, utaniletea chakula na blanketi, lakini huo ukanda hauvutwi. Nenda kamwite."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aje na sabuni ya vyombo."

Duane akaenda. Orval akabaki na harufu ya petroli na mapigo ya moyo wake. Mlango wa jikoni ukalia, hatua zikakaribia, zikasimama kizingitini pale gereji inapoanzia. Zilisimama muda mrefu kidogo. Kisha zikaingia.

"Huyu naye," alisema Verlene. "Umri wote huu."

"Samahani, mama."

"Umeupinda?"

"Bado."

Verlene akainama kwenye buti. Akammiminia sabuni mkononi, akauvuta polepole, ukachomoka mwekundu kama kamba wa kuchemshwa. Kisha, kabla ya yeyote kumwomba, akavua pete, akamkabidhi Orval, akachukua spana ndogo na kuupitisha mkono wake mwembamba nyuma ya bomba hadi kwenye kiwiko.

"Kulia au kushoto?"

"Kushoto. Pole pole."

"Orval, mimi nimefungua chupa za achari za nyumba hii miaka yote. Usinifundishe nati."

Ikalia kama panya. Ikasita. Ikazunguka. Orval akakimbia upande wa pili akaweka viganja chini ya ukanda, na ukamwangukia mikononi wote, mzima, bila sauti.

Verlene akauchukua. Akauinua hadi jichoni, akafumba jicho moja, akautazama kwa urefu kama baba yake Lester alivyokuwa akizitazama mbao za uzio. Duane akaacha kunywa.

"Umenyooka," alisema Verlene.

Enyi watu wa Defiance, mlikuwa wapi? Mbona kengele hazikupigwa?

Ule mbonyeo ulikuwa bado haujagongwa kwa nyuma na nyundo ndogo. Msasa wa maji ulikuwa haujaguswa, wala gurudumu la kung'arishia. Yote hayo ni ya kesho. Jioni ile ukanda ulilala juu ya meza ya chakula, kutoka ncha hadi ncha, na wao watatu wakala tambi zilizookwa pamoja na jodari, sahani zimebanwa ukingoni, hakuna aliyelalamika. Kabla ya kuketi, Verlene alikwenda ukutani, akakitoa kile kitambaa cha kuku kwenye ukanda uliopinda, akakitandika mezani chini ya ule ulionyooka.