Feni Isiyosikika

Jumanne, 6 Desemba 1994

Sijamwambia mtu yeyote. Hata Naomi, tuliyelala naye kitanda kimoja cha juu na chini bwenini mpaka tulipomaliza shule. Ndani ya stoo yetu, nyuma ya magunia ya mpunga, nimejenga hema. La nailoni, kwa fito za mianzi. Ndani ya hema kuna mifuko ya mabua ya mpunga, na ndani ya mabua kuna uyoga. Naulima mimi mwenyewe! Mwalimu wa kilimo alinipa chupa ya mbegu.

Nyumbani wasijue. Baba alishasema uyoga ukionekana ndani ya nyumba, ujue nyumba inaoza. Uyoga wa heshima huokotwa kwenye kichuguu baada ya mvua.

Lakini lazima nifaulu. Shangazi Yunis anakuja Jumapili ya tarehe 18. Akinikuta sina kazi, ananichukua dukani kwake Njisi, mpakani, nisimame mlangoni niite wateja wanaotoka Malawi. Niite! Kwa sauti! Mimi ambaye wakija wageni wawili kwa pamoja nakumbuka nina kuni za kupasua. Baba amekubali. Amesema mwenye kazi yake abaki, asiye na kazi aende.

Na leo, balaa. Uyoga umechomoza, shingo ndefu kama bata, vichwa kama njiti za kiberiti. Mwalimu alisema hiyo ni dalili ya kukosa hewa. Stoo haina dirisha. Nahitaji feni. Tena ya kimya, maana ukuta wa stoo ndio ukuta wa sebule, na sebuleni ndipo baba anapokaa na redio yake.

Jumatano, 7 Desemba

Nimekwenda dukani kwa Bwana Muksini. Siku hizi kila kitu kinaruhusiwa kuingia nchini, na kila kilichofika Kyela kimo humo dukani, kimening'inia.

Feni ya kwanza ilikuwa nzuri, ya mezani, ya bluu. Niliisikiliza muda mrefu kabla ya kukumbuka kwamba kwetu hakuna umeme. Nikajifanya nilikuwa nasoma maandishi tu.

Ya pili ilitoka kwenye lori. Mashine ya kukoboa mpunga ina adabu zaidi.

Ya tatu ni ndogo, ya plastiki nyeusi, ilikuwa mbele ya dereva kwenye basi. Inatumia betri ya gari. Bwana Muksini akaiwasha, akaanza kuisifia: binti yangu, hii hainong'oni, hii haikohoi, hii ukiiweka msikitini imamu hajui! Alisifia ukimya wake kwa sauti kubwa kiasi kwamba sikusikia kitu. Nikaona aibu kumwambia anyamaze. Hatimaye akaja mteja wa sabuni, akamgeukia. Nikabandika sikio. Kimya! Kama mbu aliye Karonga, ng'ambo ya mpaka.

Akauliza ni ya kazi gani. Nikasema ya kupoza chai. Hakucheka. Mfanyabiashara kweli. Nimemwachia sanduku langu la bweni, naye amenipa feni pamoja na betri kuukuu ya gari.

Ijumaa, 9 Desemba

Ushindi! Feni imefungwa, inazunguka, hema linapumua. Nimekaa sebuleni kutwa nikiutazama ukuta. Mama akauliza nina nini. Nikasema nawaza maisha yangu. Akafurahi sana.

Jioni baba akawasha redio. Ikanguruma kama mvua kwenye bati. Akaipiga kofi. Akaigeuza ielekee ziwani, kisha milimani. Mwisho akatoa betri zake ndogo, akasema kesho zianikwe juani.

Maskini baba. Redio ile imezeeka.

Jumapili, 11 Desemba

Betri zimeota jua siku mbili kama dagaa. Wapi! Hata redio ya jirani yetu Mzee Zebedayo inanguruma. Yeye anasema ni haya mageuzi: sasa kila mwenye fedha anaruhusiwa kufungua kituo, sauti zinagongana huko juu. Baba amesema ndiyo maana hakuipenda hii ruksa tangu mwanzo.

Uyoga sasa una shingo fupi na vichwa vipana kama vifungo vya koti. Mimi ni mtaalamu.

Jumatatu, 12 Desemba

Msiba! Matangazo ya vifo, baba kabandika sikio. Redio ikasema "Mzee Anangisye wa Ikolo", ikanguruma, ikasema "kifo", ikanguruma tena. Baba akavua kofia. Mzee Anangisye walichunga naye ng'ombe utotoni. Mama kaangua kilio. Kesho asubuhi tunakwenda.

Jumanne, 13 Desemba

Siwezi kuandika. Naandika.

Tumefika Ikolo na mchele na mkungu wa ndizi. Tulipokaribia, mama akaanza kulia njiani kama inavyopaswa: Anangisye wee, umetuachia nani, Anangisye! Uwanjani watu wamejaa, wanawake wamekaa chini, msiba upo kweli. Katikati yao, na kikombe cha uji mkononi, Mzee Anangisye.

Akasimama. Wanawake wawili tuliokuja nao wakakimbia.

Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anatangaza kifo. Aliyefariki ni dada yake, huko Dodoma. Baba akaeleza habari ya redio huku akitazama viatu vyake. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mama amelia vizuri, ndaga fijo, asante sana, ila siku yenyewe ikifika asisahau kuwataja ng'ombe. Hata wafiwa walicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya sufuria la wali.

Jumatano, 14 Desemba

Betri ya gari imeisha nguvu asubuhi hii. Feni ikasimama. Dakika hiyohiyo redio ikasema safi kabisa, mpaka pumzi ya mtangazaji.

Nimepeleka betri ikachajiwe. Jioni nimeifunga tena. Ngurumo!

Ni feni. Feni isiyosikika na mtu inasikika na redio. Aliyemuua Mzee Anangisye ni mimi.

Alhamisi, 15 Desemba

Nilikwenda kusema ukweli. Nikamkuta baba ameifungua redio kwa kisu, inanguruma mezani, utumbo nje, naye akaizima kwa hasira. Nikaona nizime feni kwanza, ndipo niseme. Nikazima. Nikarudi. Nikasogea mezani. Mkono ukatangulia, ukagusa skrubu moja, nikasema, "Baba..."

Akaiwasha. Redio ikasema safi.

Baba akautazama mkono wangu. Akamwita mama. Akamwita Mzee Zebedayo, naye akaja na yake. Nikagusa skrubu, wakaiwasha. Safi! Mzee Zebedayo akasema kumbe ndiyo fizikia hiyo, kumbe karo haikupotea. Nikasema jamani, kuna feni... Baba akanikatiza: nyamaza mwanangu, fundi hatoi siri zake.

Nilijaribu. Mungu ameona.

Jumamosi, 17 Desemba

Redio za majirani zimejaa kwenye benchi. Mchana feni inazunguka, zinanguruma, wanazileta. Jioni nazima, nagusa skrubu, wanazichukua. Sihitaji hata kusema nao. Wananisifu, natazama chini, wanasema fundi mwenyewe ana heshima.

Jumapili, 18 Desemba

Shangazi Yunis amekuja na begi tupu la nguo zangu. Baba akamwonyesha benchi, akasema huyu ana kazi yake. Mchana tukala wali na uyoga wangu mtamu! Nikasema nimeuokota kichuguuni. Shangazi akaongeza sahani mara mbili, akasema dukani angenipoteza bure. Begi limerudi Njisi tupu. Nimebaki!

Sasa nafikiri kwa utulivu. Ngurumo inaishia kwa Mzee Zebedayo. Bwana Muksini amepata feni nyingine, kubwa mara mbili. Nimeisikiliza leo jioni: kimya kabisa. Hema la pili litaenea kwenye banda la kuku, na kwa feni hiyo nadhani ngurumo itafika mpaka kanisani. Mchungaji ana redio mbili.

Wewe uliyeyafikia maneno haya, sikujui na naona aibu kukuomba. Lakini nakuomba. Nyamaza. Mtu akikuuliza kwa nini redio zinanguruma, mwambie ni ruksa, kisha mwelekeze kwangu.